Mpangaji wa Chumba cha Uani

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanung'unika nikipanda ngazi, na masikio ndiyo hayo. Simu naisikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa, kwa hiyo tuendelee na barua. Wewe vipi? Kifua kimepoa? Huo mvuke wa kufulia mashuka ya hospitali bado mnauvuta vile vile?

Nina mgeni. Juzi niliitwa kufunga maji kwenye nyumba ambayo mpangaji ametoroka. Mwenye nyumba alitangulia jikoni, akatoka mbio uso umempauka. Kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake chatu. Si mdogo, mwanangu. Akijinyoosha anapita urefu wangu. Lakini amekonda, bakuli la maji kavu, utitiri umemjaa mpaka machoni, na mgongoni ana kidonda kikubwa cha kuungua na balbu. Mwenye nyumba akasema, "Fundi, mmwagie maji ya moto hapo hapo." Nikamwambia mimi ni fundi bomba, hiyo kazi nyingine atafute mtu. Nikamtia kwenye foronya, nikaifunga, nikamleta nyumbani. Njiani aliniuma kupitia kitambaa.

Hana sumu, usiogope. Ana hasira tu. Nikipita mbele ya kioo anajirusha mpaka pua inatoka damu. Jirani yangu mchomeleaji amempa jina Mpangaji, maana amehamia chumba cha uani, kile alichokuwa analala marehemu mama yako. Usininunie. Ndicho chumba chenye jua.

Baba yako

Tarehe 24 Februari

Shikamoo baba,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Mimi sijambo. Kifua kimetulia, msimamizi amenihamishia upande wa kukunja.

Baba, wenzako wakizeeka wanafuga kuku. Wakizidisha sana, njiwa. Wewe nyoka! Tena nyoka mwenye kisirani! Mwenzangu wa zamu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka. Una miaka sabini na ushee, unaishi peke yako, husikii vizuri. Huyo akikuzunguka shingoni nani atajua?

Na kwa nini chumba cha mama? Nilitaka nikija nilale humo.

Wape watu wa wanyamapori wamchukue, tafadhali. Unapata nini kwa kiumbe asiyekujua, ambaye hata umtendee wema mwaka mzima atakuuma vile vile?

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, mimi na Mpangaji. Nimekawia kujibu kwa sababu ya swali lako.

Wanyamapori nilikwenda. Ofisa wao, mama mmoja mpole, alikuja mpaka nyumbani akamtazama. Akasema, "Mzee, porini huyu hawezi, hajui kuwinda. Na kwetu wakali hawakai. Nikimchukua, ni sindano."

"Sindano ya nini?"

"Ya kumlaza asiamke." Nikamwambia basi nyoka abaki kwangu. Kisha mama yule akakaa karibu siku nzima akinifundisha namna ya kumtunza.

Sasa namjua kidogo. Mchomeleaji amenitengenezea ndoano ndefu ya chuma. Kabla ya kufungua namgusa nayo taratibu, ajue kwamba kinachokuja si chakula. Kidonda nakipaka dawa nikiwa nimemfunika kichwa kwa taulo, gizani anatulia. Utitiri umekwisha. Nampa panya aliyekwisha kufa kwa koleo refu, na wiki hii amemeza bila kuling'ata koleo kwanza. Amejivua ngozi nzima, mdomoni mpaka mkiani, kama mtu anavyovua soksi. Nilisimama nikitazama kama mjinga.

Umeuliza napata nini kwa kiumbe asiyenijua. Mwanangu, nimeshaishi na mtu asiyenijua. Mwaka wake wa mwisho mama yako aliniona mwizi aliyeingia ndani. Nikimletea uji ananirushia kikombe. Nikimwogesha anakwaruza, anauma. Ile alama ya begani, niliyokwambia msibani kwamba nilikatwa na bati, ni meno yake. Daktari alitaka afungwe mikono kitandani, nikakataa. Nilijizoeza kuingia chumbani nikiimba, ili sauti itangulie mtu asije akashtuka. Kuna siku aliniacha nimchane nywele mpaka mwisho. Siku hiyo moja niliila mwezi mzima.

Hakuwa ananichukia. Alikuwa anaogopa. Hayo ndiyo niliyojifunza, na sina mwingine wa kumfanyia.

Baba yako

Tarehe 19 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima. Mimi sijui hali yangu.

Barua zako zote za mwaka ule ninazo. "Mama anakula vizuri." "Mama anakusalimu." Alinisalimu vipi, baba, kama wewe mwenyewe hakukujua? Nilikuwa huku nakunja mashuka ya wagonjwa wa watu, nikiamini mama yangu amekaa juani anamenya chungwa. Ungesema, ningekuja. Ningekuja kwa miguu. Wewe uliniamulia. Nimekasirika, halafu nakufikiria umeshika kikombe cha uji mlangoni unaimba, na wewe kuimba hujui, basi hasira inakosa pa kukaa.

Niambie jambo moja, na safari hii usinitengenezee. Aliwahi kuniulizia? Hata mara moja?

Huyo nyoka mfuge. Sitasema tena. Ila vaa glavu, baba, zile za mchomeleaji za ngozi. Na usimfungue ukiwa peke yako.

Mwanao

Tarehe 3 Juni

Shikamoo baba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama ni maneno yangu yaliyokuumiza, nisamehe. Simu yako imezimwa. Ya mchomeleaji inaita, kisha inakatwa. Kwa nini aikate? Msimamizi amesema ruhusa ya kuja huko sipati mpaka mwisho wa mwezi. Andika, baba. Hata neno moja, hata la kunigombeza.

Mwanao

Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, uuvumilie. Niko nyumbani, nimetoka hospitali. Mchomeleaji usimlaumu, mimi ndiye niliyemkataza kupokea simu yako. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu.

Kwanza swali lako. Alikuulizia. Jina lilimpotea, lakini kila jioni alisema, "Yule mtoto hajarudi kutoka shule, msifunge mlango." Sikuufunga mpaka alale.

Sasa haya mengine. Mpangaji alikuwa anaendelea vizuri, na mimi nikajisahau. Mchomeleaji alinipa sungura. Nikamchuna jikoni, nikafuta mikono kwa kitambaa, nikaenda kubadilisha maji ya nyoka. Ndoano sikuchukua. Glavu sikuvaa. Alinidaka kifundo cha mkono wa kulia, na kabla sijavuta pumzi alikuwa ameuzunguka mkono wote na kupanda begani. Hakukosea. Mkono ule ulinuka sungura.

Nilianguka. Nikapiga ukuta kwa kisigino, nikapiga, mpaka mchomeleaji akaja na panga. Wakati huo mzunguko mmoja ulikuwa umefika shingoni. Jirani wa watu aliinua panga, hajui pa kulishusha.

"Mzee, nifanye nini? Sema, nifanye nini?"

Kwenye rafu, karibu kabisa na bega lake, kulikuwa na chupa ya spiriti. Niliiweka mwenyewe. Yule ofisa alinielekeza kwamba nyoka akining'ang'ania nimmiminie kidogo mdomoni, ataachia. Niliiona ile chupa, mwanangu. Pumzi ya kusema neno moja nilikuwa nayo. Ningesema, "Chupa."

Nilisema, "Kata."

Alikata, akakata tena. Pigo la mwisho lilipita mpaka kwangu. Mshipa wa vidole umekatika, daktari ameunganisha alichoweza, lakini viwili havikunji na spana sitashika tena. Kichwa kilikuwa bado kimening'ang'ania nilipofika hospitali. Kiwiliwili watu wa mtaa walipiga nacho picha, kisha wakakitupa jalalani.

Kila anayekuja kunijulia hali anasema afadhali limekufa. Mchomeleaji anawahadithia kwamba mzee alikuwa na akili zake timamu mpaka mwisho. Habari ya chupa unaijua wewe peke yako.

Kule hospitali nililala siku nyingi nikiwaza jambo moja. Mwaka ule na mama yako, kuna asubuhi nilikuwa nimechoka kuliko ninavyoweza kukuandikia. Kama mtu angesimama mlangoni asubuhi kama hiyo akaniuliza, "Mzee, nifanye nini?" sijui ningemjibu nini. Hakuna aliyesimama. Labda ndiyo maana watu wakaniita mvumilivu.

Hayo ndiyo yaliyopo, hakuna niliyoyapunguza. Ruhusa ikitoka, njoo. Shati nalivaa mwenyewe, lakini vifungo vinanishinda, na mchomeleaji naona haya kumwita kila asubuhi.

Baba yako