Dakiri Ambayo Baba Yako Hakuinywa

Baba Irene wangu,

Arobaini yako imekwisha. Wageni wametawanyika, maturubai yamerudishwa, na hapa Chanika tumebaki mie, watoto na baba yako, ambaye hataki hata kusikia habari za kurudi Rombo. Uliomba mwenyewe uzikwe huku karibu na wanao, sasa mzee anasema hawezi kukuacha ugenini. Anashinda barazani kwenye kiti chako. Sina moyo wa kumhamisha.

Unakumbuka ulivyonitongoza? Wenzako huleta khanga, wewe ulikuja na ndimu, sukari na chupa ya ramu. Ukaniambia kinywaji chake kinaitwa dakiri, kilizaliwa Kuba, kwenye mji wa machimbo wenye jina hilohilo. Mhandisi mmoja aliishiwa pombe ya jini huku wageni wamekaa wanasubiri, akachukua ramu ya wenyeji, akakamulia ndimu, akatia sukari isiwakwaruze koo. Ulivyosimulia, utadhani ulikuwepo. Nikakuuliza una ushahidi gani, ukasema hadithi za baa hazina ushahidi, zina wateja tu.

"Ndimu na sukari si juisi hiyo?" nikakutania. Ukakasirika kweli! Ukanionyesha: sukari iyeyuke kwanza kwenye maji ya ndimu, ndipo ramu, ndipo barafu, utikise kwenye kopo lenye mfuniko mpaka likuumize viganja kwa baridi, uchuje kwenye glasi. Ulisema vitu ni vitatu tu, ukikosea kimoja huna pa kujificha.

Wazungu wa baa ya hotelini kwako walikusifu mpaka basi. Lakini sifa uliyoitaka ilikuwa ya mtu mmoja. Kila baba yako alipokuja Dar ulimtengenezea, ukamletea kwenye sinia, umeinama: "Karibu, baba." Naye akiitazama glasi, akikutazama wewe, akiiweka chini. Barafu ikayeyuka humohumo. "Ananionea aibu," uliniambia, "mtoto wake kuwa mtu wa baa." Hata hospitali, maji yenyewe yakikushinda kumeza, ulisema, "Mzee angekunywa hata funda moja." Ee Mungu, neno lile linanichoma mpaka leo.

Jana mchana jua lilikuwa kali, nikaiona chupa yako kabatini, nikasema liwalo na liwe. Nikamtengenezea. Sikuwa na uhakika na sukari, na mkono wangu kwenye chai unaujua, basi nikaonja palepale mbele yake. Kabla sijafuta mdomo, akanyoosha mkono. Akanywa. Akanywa yote, Baba Irene!

Nikamuuliza: "Baba, mbona ya mwanao ulikuwa unaikataa?"

"Mwanangu hakuwahi kuonja," akasema. "Kwetu aliyepika pombe ndiye anayekunywa kwanza, mwenzake ajue haina sumu. Yeye analeta glasi, anasimama, ananitazama. Nikawa najiuliza, huyu mtoto nimemkosea nini?"

Jamani! Nikamweleza kwamba ulionja kila mara, kwa mrija, jikoni, umegeuza mgongo, maana hotelini mhudumu haonji mbele ya mgeni. Na wewe ulilelewa Temeke kwa shangazi yako, mambo ya mbege, pombe ya ndizi ya kwenu mlimani, ungeyajulia wapi?

"Alionja?" akauliza.

"Alionja, baba."

Akajifunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti, mzee yule ambaye makaburini hakudondosha hata chozi.

Nimewakasirikia wote wawili. Wanaume nyie! Neno moja tu mngeulizana. Wewe umekufa ukidhani baba anakuonea aibu, na yeye amezeeka akidhani mwanawe ana kinyongo naye, na kumbe kila mmoja alikuwa anamtunzia mwenzake heshima. Nalia nikiosha vyombo, nalia nikimsuka Irene, mpaka mtoto ananiuliza mbona anavutwa nywele yeye, naumia mie.

Leo asubuhi baba yako ameniomba nimfundishe. Amekamua ndimu mwenyewe. Anasema Jumapili atakuletea glasi kaburini, na safari hii ataanza kuonja yeye.

Pumzika, baba wa wanangu.

Mkeo,
Mama Irene