Kabula Ameitika

Getu, acha yote usome hii. Hellen amerudi kutoka shuleni anakofundisha, kakaa hapa kizingitini kwangu, hata viatu hajavua.

Si unajua ruzuku ya shule inakuja kwa vichwa vya watoto? Watoto wakihama, hela nayo inapungua, hakuna kiwango cha chini cha kuikinga shule. Sasa leo afisa alikuja kuhesabu. Mwalimu Mkuu Masele akaazima watoto shule ya jirani, kila mmoja akampa jina la daftarini la kuitikia.

Hellen anaita majina, afisa yuko begani kwake. Akafika kwa Kabula. KABULA, Getu! Yule yule tuliyemzika masika! Masele hakumfuta. Hellen atafanyaje? Akaita.

Kasauti kakajibu: "Nipo, mwalimu!"

Nipo!!

Na dirishani nani? Mama Kabula! Si ndiye anayepika uji wa shule? Mwiko ukamdondoka. Akaingia darasani taratibu, akasimama mbele ya kile kitoto cha watu. Hellen anasema alijua sasa yamekwisha.

Afisa akauliza, "Mama, wewe nani?"

"Mimi mama yake." Akainama, akamfunga mtoto kifungo cha shingoni.

Afisa akaridhika, akaondoka. Hellen akakimbilia jikoni, akapiga magoti kuomba radhi. Mama wa watu wala hakumsikiliza. Akamshika tu mkono:

"Mwalimu, na kesho utamwita?"