Tumbaku ya Mjomba Lukudu

Ediofe, Arua
3 Machi 1974

Wamekubali, Celestino. Watu wa Dranya wamekubali kukupa Candiru.

Sasa nikusalimu. Hujambo mwanangu, kifua kimepona? Mimi niko mzima, isipokuwa goti, nalo leo limesahau kuuma. Nimezunguka soko lote nikiwaambia hata wasioniuliza: mwanangu wa forodha anaoa. Yugu muuza mihogo akasema, "Mama Celestino, tumesikia tangu asubuhi." Asikie tena.

Limebaki jambo moja. Kwa Wakakwa wale binti hatoki mpaka mjomba wake alete tumbaku, wazee wa pande zote mbili waionje kutoka mfuko mmoja. Mjomba ni Lukudu, anakaa Yei, Sudan. Mtu mkubwa sana, ng'ombe zake hazihesabiki. Atakuja siku za Pasaka. Nimemtumia neno aseme mpakani ni vitu vya kutumia mwenyewe, apite bila ushuru. Wakimsumbua, ataje jina lako tu.

Mama yako anayejivuna,
Emilia


Mpakani
19 Machi 1974

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Kifua kimepona. Goti je? Habari ya Candiru imenifurahisha mpaka nikawanunulia wenzangu soda. Huyo mkubwa akifika na gari lake, kizuizi nitakifungua mwenyewe.

Huku kazi ni kucheka. Juzi alitokea mzee wa miguu mitupu kutoka Sudan, na mfuko wa ngozi ya mbuzi umejaa tumbaku kali, na chupa ya araki. Anasema ni vya kutumia mwenyewe. Nikamwambia, "Basi tumia, baba, tuone." Tukamkalisha juani. Akatafuna, akanywa, akatafuna tena, mpaka akajitapikia kifuani. Marino, mwenzangu wa zamu, alicheka akashika ukuta. Mfuko tukabaki nao, tunavuta mpaka leo.

Mwanao,
Celestino


Dranya, Koboko
28 Machi 1974

Celestino,

Afya yako sitaiuliza.

Barua yako nimeisoma ndani ya basi, nikaikunja nikaificha hata kabla sijajua mzee yule ni nani. Nimefika hapa kwa kina Candiru, nikamkuta Lukudu amelala kwenye mkeka. Alikuja mapema ili mvua zisimkute njiani. Alitembea kwa sababu hana gari. Ng'ombe zake vita vilizimaliza, zile nyingine zilikuwa mdomoni mwangu tu.

Shati lake nimelifua kwa mikono yangu. Nimelirudia na majivu, nimelirudia na sabuni, harufu ya tumbaku na matapishi haitoki, wala kwenye vidole vyangu haitoki. Chakula sikili. Nakukinai, mwanangu, kama mtu aliyekuta nywele kwenye uji na ameshameza. Baba wa watu umemkalisha juani kama mbwa, na tumbaku ya ndoa yako mwenyewe unaivuta na Marino.

Nikamwuliza kwa nini hakutaja jina lako. Akasema kwao mjomba hatamki jina la mkwe kabla tumbaku haijaonjwa. Kisha akasema, "Nilisikia wenzake wakimwita. Nikajua ni yeye. Nikatafuna."

Candiru alikuwa mlangoni. Amesikia yote.

Lukudu hataki faini. Anataka hivi: uujaze mfuko uleule, uvue viatu, utoke upande wa Sudan kwa miguu, upite kizuizini kwako. Marino akikuuliza tumbaku ni ya nani, umwambie kwa sauti ni ya mjomba wa Candiru, na wenzake wasikie. Kisha uje uwape wazee kwa mkono wako, mmoja mmoja, yeye awe wa mwisho. Akionja, una mke. Akiurudisha mfuko, utaondoka nao.

Mimi nitakuwepo, mama ni mama. Lakini usiukaribishe mkono wako kwangu siku hiyo kabla yeye hajaonja.

Wale wote niliowatangazia sokoni nimeshawaalika, Yugu naye, na ukoo mzima wa Dranya. Shati litakuwa limekauka. Wote watafika Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe 20 Aprili.

Mama yako,
Emilia