Bibi Elizabeti na Neno la Katibu

Jumatatu, 9 Septemba 1974
Vipindi vitano. Chaki imebaki vipande. Jioni mkutano. Katibu Kata kalitoa tena neno lake la Kiingereza: recalcitrant. Amerudi nalo kutoka semina ya Singida Mjini, pamoja na viatu vinavyolia. Leo kambandika Bibi Elizabeti, mjane anayekataa kuhamia kijiji kipya. "Huyu mama ni recalcitrant!" Watu wakatikisa vichwa kama wameelewa. Kasuku watupu, yeye na wao.

Jumatano, 11 Septemba
Watu wanadhani neno lile ni ugonjwa. Kisimani wanawake wamemzuia Bibi asichote maji mpaka wao wamalize. Jirani yangu kaniuliza kama unaambukiza. Nikamwambia hakuna ugonjwa. Hakuniamini, maana Katibu alipoulizwa alijibu, "Ni hali mbaya sana." Hajui maana! Nilicheka. Kisha nikamwona Bibi akipita na ndoo tupu. Nikakasirika.

Ijumaa, 13 Septemba
Imetangazwa: kesho mgambo watabomoa tembe ya Bibi, nyumba yake ya udongo. Nikasimama mkutanoni.
"Ndugu Katibu, tueleze maana ya neno lako."
Akakohoa. "Ni mtu wa hatari kwa afya ya Taifa."
Mjinga. Nikawaambia watu: si ugonjwa. Waingereza humwita hivyo mtu mkaidi, anayesukumwa akagoma. Asili yake ni kurusha teke, kama punda. Haliambukizi.
Bibi akainuka taratibu. "Kumbe! Basi Katibu kasema kweli, Mwalimu. Ndivyo nilivyo."
Kicheko kikalipuka. Wale wanawake wa kisimani ndio waliocheka zaidi. Wanafiki. Katibu akanikazia macho.

Jumamosi, 14 Septemba
Wamebomoa. Udongo wa paa ulishuka wote, vumbi mpaka barabarani. Katibu alisimamia chini ya mwavuli. Akaniambia jina langu limepelekwa wilayani. Na liende. Wanawake walewale wakaja kumbebea Bibi vyungu vyake. Hakuna aliyemwomba radhi. Nimewachukia wote, hata waliobeba vizuri.

Jumapili, 15 Septemba
Bibi kalala kwangu. Kanisani tulikaa benchi moja. Mchana kasonga ugali wa uwele, mlenda pembeni. Nyumba hakuitaja. Aliuliza tu jembe liko wapi, akaenda kung'oa visiki nyuma ya jiko, apate pa kulima. Nikavua viatu, nikamfuata.