Mchezo wa Kugawa Kete

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimefungwa na Gwantwa. Yaani, nimejifungisha. Humu naweza kuliandika hilo, kwingine kokote siwezi.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya chesi, ya kuchagua nani aende Mbeya tarehe 21 kucheza na klabu za huko. Mmoja tu. Gwantwa alibakiza kunifunga mimi. Nilimwona kabisa mfalme wake amebanwa – hatua mbili, basi. Mkono wangu ukaisukuma ngome pembeni, pale farasi wake anapoila. Akaila. Makofi.

Yote ni ile sheria ya kaka Mbonile, mwenye klabu. Tunacheza nyuma ya steshenari yake, na mshindi lazima asimame aeleze alivyocheza. Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili. Eti tuzoee. Mimi shuleni nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili. Nikisimama mbele ya watu shingo inawaka, sauti inakatika. Kwa hiyo nikiona nashinda natafuta sare. Sare ikikataa, najifungisha. Tangu Januari.

Gwantwa alieleza vizuri, akawachekesha. Akanishukuru eti nilimpa mechi ngumu. Rafiki yangu wa pekee huyo.

Jumanne, 10 Juni

Gwantwa kaja mbio. Baba yake amekubali asiende Ileje kwa bibi yake kuchuma kahawa! Kila likizo anaenda, anarudi mikono imekwaruzika. Mwaka huu ni Mbeya. Baba mtu ameshawatangazia majirani wote, mpaka kinyozi. Mama akampa chai, akaniambia niige mfano wa mwenzangu. Nikasema ndiyo mama.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Kaka Mbonile alisema leo tupumzishe akili, tucheze chesi za vituko. Kwanza ya wawili wawili, kete unayokula unampa mwenzako aitumie kwake. Kelele tupu. Kisha akaleta nyingine. Ukiweza kula, lazima ule, kama drafti. Mfalme ni kete kama kete nyingine. Anayeishiwa kete zote ndiye mshindi. Na leo hakuna kueleza, akasema, vituko havielezwi.

Hakuna kueleza! Nikafurahi kama mjinga. Nikacheza.

Samwel wa klabuni nilimmaliza kwa dakika nne. Nesta, yule dada anayevuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kila Jumamosi, dakika tano – akatikisa kichwa, akasema kwa Kibemba, awe mukwai, hapana jamani, mleteeni mwingine. Nilijua kila kete iende wapi ili iliwe bila kuonekana imetupwa. Si ndiyo kazi yangu ya miezi sita.

Halafu Gwantwa. Mwanzoni alikuwa anacheka. Nikampa askari, nikampa malkia, nikampa ngome – pembeni, mbele ya farasi wake, vilevile kama Jumamosi iliyopita. Sikufikiri. Mkono tu. Ilibidi aile, ndiyo sheria. Akaiinua akabaki nayo mkononi, anaitazama.

Kaka Mbonile alikuwa amesimama nyuma yetu. Akatania: "Kumbe Ferista ana kipaji cha kufungwa, alikuwa anatuficha tu."

Wote wakacheka isipokuwa Gwantwa. Alimaliza mechi, akavaa sweta, akaondoka bila kuningoja.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani alikaa na akina mama. Hajawahi.

Jumatatu, 16 Juni

Foleni ya maji. Upepo, vumbi, baridi. Akaja akaweka ndoo yake nyuma ya yangu. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza saa.

"Mara ngapi, Feri?"

Nikasema sijui.

"Hata ile ya Mbeya?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulinionea huruma?"

Hapo ndipo ningesema. Kwamba sikumhurumia hata kidogo. Kwamba niliogopa kusimama, na yeye nilimfanya mlango wa kutokea. Nikafungua mdomo. Foleni nzima inatutazama. Nikainama nikasogeza ndoo yangu.

Akasema mimi ni mbaya kuliko watu wanaomcheka waziwazi, maana wale angalau anawasikia. Akabeba ndoo yake akaenda kupanga mwisho kabisa.

Jumatano, 18 Juni

Kaandika kwenye simu ya mama. Anataka turudie, chesi ya kawaida, kwa meseji, kila mtu na ubao wake nyumbani. Nikishinda, atamwambia kaka Mbonile niende mimi, na yeye atapanda gari la Ileje Ijumaa. Akishinda, ataenda Mbeya akijua ni kweli. Chini kabisa neno moja: usithubutu.

Tumeanza saa nane mchana. Nacheza sawasawa, Mungu ananiona. Hatua ya kumi na tisa ametuma malkia katikati. Nimeipanga ubaoni mara tatu. Askari wangu anamla bure!

Gwantwa haachi malkia hivyo. Labda kakosea, huenda anacheza huku anasonga ugali. Labda kaniwekea makusudi, aone nitafanya nini.

Nikimla, nimeshinda. Huko Mbeya ukumbi mzima wa watu nisiowajua, na yeye kwenye kahawa, na baba yake atasema nini mtaani. Nisipomla, atajua. Na baada ya hapo hata nikija kusema ukweli, nani atauamini?

Mama anadai simu yake, anataka kumpigia shangazi aliyeko Kamsamba. Nimemwomba dakika moja. Hii ni mara ya tatu namwomba.

Nimeandika: Namla malkia. Nimefuta. Nimeandika: Sikukuhurumia, niliogopa kusimama. Iko hapo kwenye kioo. Sijaituma.

Imeingia meseji yake sasa hivi. Anasema ananiona niko onlaini. Anasema anaona naandika, nafuta, naandika.