Vumbi Lenye Miguu

Hifadhini, 4 Machi

Baba, shikamoo. Hujambo huko karakanani? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku mlimani haina adabu.

Najua bado una kinyongo tangu nilipoacha uuguzi nikaja kuhesabu wadudu. Lakini leo sina mwingine wa kumlilia. Nimepewa mteremko wa chini. Natikisa vichaka juu ya shuka jeupe, naokota kinachotembea, takataka namwaga. Wiki tatu, aina tisa tu! Wenzangu wa juu wana mia na ushee. Mkuu wetu kasema nisipopata zaidi kufikia mwisho wa mwezi, mteremko wangu utatolewa hifadhini, miti ikatwe. Baba, naogopa.

Mwanao, kitinda mimba

12 Machi

Marahaba, kitinda mimba. Mgongo upo, unanung'unika kumshinda mama yako.

Kinyongo ninacho, sikufichi. Ila hiyo takataka unayomwaga imeninyima raha. Mimi nikigonga ubao wenye fukusi, wanaanguka, wanakunja miguu, kimya, utadhani vumbi la msumeno. Fundi mgeni huwafagia. Mimi naweka randa chini, nakunywa chai. Kikombe kikiisha, vumbi linatembea! Subiri, mwanangu. Wewe tangu utotoni una haraka ya ajabu.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo mara mia! Mama hajambo? Nisamehe kimya, sikuwa na nafasi hata ya kuchana nywele.

Nilitikisa, nikakaa, nikanywa chai. Weee! Vumbi likaota miguu. Nililia palepale nikiwafikiria wote niliowamwaga. Sasa nina aina sitini na moja, na fukusi mmoja asiye na mabawa ambaye mkuu kapekua vitabu vyote hajamwona. Mteremko unabaki, Baba! Mkuu kauliza mbinu ile nimesomea wapi. Nikasema, kwa baba yangu, seremala. Anataka uje uwafundishe wenzangu.

Kitinda mimba wako

9 Aprili

Marahaba, mwanangu. Sote wazima. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa.

Nina la kuungama. Tangu uondoke, wateja wakiniuliza habari zako nilikuwa nasema uko hospitali, nesi. Mama yako ananikata jicho, mimi najitia sioni. Jana jirani kaleta kabati lake, kauliza tena. Nikamjibu, "Anahesabu wadudu mlimani." Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia abebe kabati lake akatafute fundi mwingine.

Nafika Jumatatu.

Baba yako