Mudomo wa pipa

Baraka, mujukuu wangu,

Mama yako anakusalimia, na ng'ombe yetu ya mabaka imezaa.

Unasema kwenye depo yenu baridi imegandisha mapipa ya asidi ya mafuta, ile ya kutengeneza sabuni, na bosi anataka muwashe moto chini ya mapipa ili kamio ya kubeba mizigo isichelewe. Unaniuliza kama iko na hatari. Nilivyosoma hiyo, nikatafuta kalamu mara moja.

Wakati wa usichana wangu tulipandisha mapipa ya mawese kutoka Kashebere, kule chini kwenye joto. Kule ilikuwa maji, ikifika huku Masisi kwenye baridi inaganda. Siku moja shofere mwenye kuendesha gari yetu alikuwa na haraka. Akafungua kifuniko ya pipa, akasukuma makaa chini yake.

"Dada, iko wazi," akaniambia. "Unaogopa nini tena?"

Niliangalia mudomo wa pipa. Mafuta ilikuwa imetulia, ngumu kama sabuni. Lakini tumbo ya pipa ilikuwa inavimba. Chini ilikuwa imeyeyuka na kutafuta njia, na ile ngumu ya juu imeiziba. Nilikimbia nikimuita. Yeye alichelewa kidogo, pipa ikapasuka. Mambo ya mikono yake sitaandika.

Mama zetu walikuwa wanamwagia pipa maji ya moto kuanzia juu, polepole, mupaka njia ifunguke. Ngojeeni hivyo, hata bosi akasirike. Na unitumie neno leo.

Uliuliza tena kama huku iko kimya, kama bunduki zimenyamaza. Iko kimya, mujukuu wangu. Kimya kama mudomo wa ile pipa.

Koko wako